Nani Ana Mtoto Saa Hii? Shajara ya darasa la malezi, Chamwino

Ninaandika shajara hii kwa ajili ya mwalimu, mhudumu wa afya au kikundi chochote kinachotaka kuanzisha darasa la malezi kijijini kwao. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, upande wa Mvumi. Mwenzangu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chetu. Kila Januari napokea watoto wa miaka mitano, na wengine ukiwauliza jambo wanainamisha kichwa, kwa kuwa hawajazoea mtu mzima kuwauliza kitu kisha akangoja jibu. Ukimpata mtoto katika umri huo, mengi yameshapita. Tulitaka kuzifikia familia watoto wakiwa bado wanabebwa mgongoni.

Fedha: kikoba chetu kilitoa 400,000 kutoka mfuko wa jamii, mimi nikaongeza 150,000. Bei zote ni za shilingi, za siku tuliyonunua.

14 Septemba 2024. Ruhusa na vifaa

Barua kwa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kijiji, kisha mwenyekiti. Wiki mbili. Nauli zangu 16,000. Karatasi za manila 20, 14,000. Kalamu za wino mzito 6, 6,000. Mikeka 4, 72,000. Mahali ni darasa langu, siku za Jumamosi. Jumla mpaka sasa 108,000.

19 Oktoba 2024. Jumamosi tatu, na watu wanapungua

Tuliwaalika mama 40 wenye watoto wa chini ya miaka mitatu. Tarehe 5 walikuja 31, nikafurahi mno. Niliandika ubaoni nguzo tano zinazotumiwa na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile iliyozinduliwa hapa Dodoma Desemba 2021: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Nikazieleza moja baada ya nyingine kwa saa mbili nzima.

Nilipofika kwenye kunyonyesha nikasema mtoto asipewe maji wala kitu kingine mpaka atimize miezi sita. Oktoba ya Dodoma tunaijua: vumbi jekundu, upepo mkavu, jua linachoma tangu saa tatu asubuhi. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi nimekuelewa. Lakini nikimwacha mtoto nyumbani, bibi yake ndiye mwenye kikombe." Nikamjibu amweleze bibi, nikaenda nguzo inayofuata. Maneno yale yalikuwa na jibu la mradi mzima, nami niliyapita.

Mwishoni waliuliza posho. Siwalaumu, semina nyingi zinazotoka mjini huja na posho, na mtu aliyeacha kazi zake ana haki ya kuuliza. Tulisema hakuna, tukatoa chai na mihogo ya kuchemsha, 9,000 kila mara. Tarehe 12 walikuja 12. Tarehe 19 walikuja 5, na wawili kati yao walikuwa majirani zangu.

Makosa tuliyoyaona haraka: Jumamosi ni siku ya mnada, na saa nne asubuhi ni saa ya foleni ya maji. Kosa kubwa zaidi hatukuliona mpaka wiki iliyofuata. Chai tumeiacha baada ya mara mbili, 18,000. Jumla 126,000.

2 Novemba 2024. Kokoto kumi na mbili

Mwenzangu alisema tuache kuwaita watu, twende tukawatazame. Tulikuwa na swali moja tu: mtoto huyu yuko na nani saa hii? Namna ya kuuliza niliipata kwa watoto waliokuwa wakicheza bao kwenye vishimo vya mchanga nje ya darasa.

Tunachimba vishimo sita uani: mama, baba, bibi, dada au kaka, jirani, peke yake. Tunampa mwenye nyumba kokoto 12, kila moja ni saa moja, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Anaziweka moja moja huku akikumbuka. Hakuna kuandika mbele yake. Tunahesabu mwishoni, tunaandika njiani.

Nyumba nne za kwanza tulikosea. Tuliuliza, "Kwa kawaida mtoto huwa na nani?" Kokoto zote zikaingia kishimo cha mama, maana ndivyo mama mwema anavyotarajiwa kujibu. Nyumba ya tano tukauliza, "Jana, saa moja asubuhi, alikuwa na nani? Saa mbili je?" Mkono wa mama ukasimama hewani, akafikiri, kisha kokoto zikaanza kwenda kwingine. Tukarudi zile nyumba nne tukaanza upya. Tulijifunza pia kutouliza siku inayofuata mnada, kwa sababu jana ya namna hiyo haifanani na siku nyingine.

Nyumba 22, kokoto 264. Mama 92, bibi 78, dada na kaka 66, jirani 12, baba 9, peke yake 7. Ukiziondoa nyumba 6 zenye watoto wa chini ya miezi sita, ambao wananyonya tu na hivyo hawatengani sana na mama, picha inabadilika: katika nyumba 16 zilizobaki mama alikuwa na kokoto 41 kati ya 192.

Nililala vibaya usiku ule. Tulikuwa tumewafundisha watu walio na mtoto kwa takriban moja ya tano ya mchana, na tukawaachia kazi ya kuwageuza waliobaki. Mkamwana wa miaka ishirini, anayeishi kwenye tembe ya mama mkwe, tulimtuma akamwambie mama mkwe kwamba amekosea kwa miaka yote aliyolea. Mimi mwenyewe nisingethubutu.

Gharama: hakuna. Anayetaka kuiga mradi huu aanzie hapa, kabla ya kununua hata karatasi moja.

30 Novemba 2024. Unga wa lishe, na kuurudisha

Hili ndilo kosa lililotugharimu zaidi, kwa fedha na kwa imani ya watu.

Kabla ya kokoto kutufundisha vizuri, tulikuwa tumeshaamua kugawa unga wa lishe. Nilinunua mjini, soko la Majengo: mahindi kilo 10, na mchele, ngano, ulezi, soya na karanga kilo 5 kila kimoja. Tukasaga vyote pamoja. Pamoja na kusaga na mifuko ni 85,000. Kila nyumba kati ya zile 22 ilipata kilo moja na nusu. Unga wa namna hii unauzwa kila duka, na sisi tuliamini kwamba nafaka zikiwa nyingi na lishe huwa nyingi.

Baada ya siku kumi bibi mmoja alinirudishia mfuko. "Mwalimu, mwanangu, unga huu unanuka." Nilinusa. Mafuta ya karanga yalikuwa yameanza kuharibika kwa joto. Nilimpigia afisa lishe, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza kwa utaratibu tulipokosea.

Kwanza, mahindi, mchele, ngano na ulezi ni kundi moja la chakula. Kuchanganya nafaka nne hakumpi mtoto makundi manne. Anapata wanga ule ule, na akidhurika tumbo hujui ni kipi kimemdhuru. Pili, soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili usitumie protini vizuri, ni lazima ipitie moto wa kutosha kabla ya kusagwa. Yetu ilisagwa mbichi. Tatu, karanga zikishasagwa ndani ya unga huwezi tena kuzichambua, nazo ni kati ya vyakula vinavyoshikwa haraka na sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu.

Neno hilo hapa kwetu si la vitabuni. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu, watu 68 wakaugua na 20 wakafariki, na mahindi ya kulimwa nyumbani ndiyo yaliyohusishwa. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika hakuimalizi. Kinachosaidia ni kukausha vizuri, kutoanika juu ya udongo mtupu, kuhifadhi pakavu, na kuchambua: punje iliyovunjika, iliyosinyaa au yenye ukungu haiingii kwenye chakula cha mtoto, wala haipewi kuku.

Tulipita nyumba zote 22 kuomba unga wetu. Nyumba 17 walirudisha uliobaki, tano walikuwa wameshaumaliza. Tulikaa na kila familia tukasema wazi kwamba kosa ni letu. Mwenzangu alifuatilia zile tano kwa wiki mbili. Watoto walikuwa wazima. Unga tuliufukia.

Tunachofundisha sasa: uji wa nafaka moja, ile iliyopo nyumbani, iwe uwele, mtama au ulezi. Utajiri unaongezwa wakati wa kupika, kidogo kidogo, kutoka kundi jingine: karanga zilizochambuliwa kwenye ungo na kutwangwa siku hiyohiyo, au dagaa waliosagwa, au yai, au maziwa. Unga wa ubuyu unakorogwa mwishoni. Hakuna kitu kipya cha kununua dukani. Jumla ya matumizi imefika 211,000, na 85,000 kati ya hizo zimekwenda na unga ule.

Jambo la pembeni kwa anayepanga ratiba: tarehe 27 mwezi huu ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Wiki ya kampeni hatukukutana kabisa, maana mkusanyiko wowote ungehesabiwa kuwa wa chama fulani. Baada ya matokeo, uongozi mpya ulihitaji kuelezwa yote tangu mwanzo. Siku mbili, barua ileile.

21 Desemba 2024. Dada wakubwa

Shule zimefungwa. Kokoto 66 zilikuwa za dada na kaka, na wengi wao ni wasichana wa miaka minane hadi kumi na miwili. Tuliwakusanya 18 asubuhi nne mfululizo, kila mmoja na mdogo wake mgongoni.

Hawa ni wanafunzi bora niliowahi kuwa nao. Tulicheza: kujificha nyuma ya kanga na kutokea, kutaja viungo vya mwili wakati wa kuogesha, kumwigiza mtoto sauti anayotoa kisha kusubiri atoe nyingine. Kusubiri ndiko kugumu. Tulihesabu hadi tano kwa vidole kabla ya kusema tena. Binti mmoja alimwimbia mdogo wake wa miezi minane kwa Kigogo, akanyamaza, akahesabu, na kwenye kidole cha nne mtoto akajibu kwa sauti ndefu. Wote wakapiga makofi. Niliwaambia wazungumze na watoto kwa lugha ya nyumbani. Kiswahili watakikuta kwangu wakifika darasani.

Kisha tukatengeneza vitu vya kuchezea: midoli ya vitambaa, magari ya magunzi, vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, na kopo la kelele lenye mbegu za ukwaju ndani. Siku ya tatu kopo moja likafunguka. Mtoto wa miezi kumi akatia mbegu mdomoni, akapaliwa. Dada yake alimlaza kifudifudi kwenye mkono, kichwa chini, na mwenzangu akampiga mgongoni kwa kiganja. Mbegu ikatoka kwenye pigo la pili. Sitaisahau sura ya yule binti.

Tuliyakusanya makopo yote siku hiyohiyo. Utaratibu wetu sasa: tumekata tundu la sentimita nne kwenye kipande cha boksi, na kila kitu cha kuchezea, pamoja na kila kinachoweza kutoka ndani yake, kinajaribiwa. Kinachopita tundu hapewi mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kwa hiyo vizibo vya soda vimeondoka, na mbegu za ubuyu pia. Chupa ya plastiki yenye kokoto tunaiacha kwa mtoto mwenye miaka mitatu na zaidi. Na somo la kwanza la kila kikundi, kabla ya mchezo wowote, limekuwa kumsaidia mtoto aliyepaliwa.

Nyuzi, sindano na gundi, 11,000. Jumla 222,000.

Kuna jambo linanisumbua, na naliandika ili anayeiga alipime. Ukimfundisha msichana wa miaka tisa kulea vizuri, unaweza kuwa umemfunga zaidi kwenye kulea. Tulikubaliana na wazazi kwamba mafunzo haya si ruhusa ya kumtoa shuleni, na mimi nina daftari la mahudhurio, nitaona.

22 Februari 2025. Msimu wa jembe

Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, na ikinyesha kila mtu yuko shambani. Januari tulipanga madarasa manne. La kwanza hakuja mtu, la pili hakuja mtu. Tukaacha kupanga, tukawafuata.

Saa sita mchana watu hupumzika kivulini. Tunakaa nao dakika kumi na tano, jambo moja tu, kisha tunashika jembe mistari miwili mitatu kabla ya kuondoka. Kwa wenye watoto wachanga jambo letu lilikuwa kunyonyesha pale pale shambani, mtoto akae kivulini karibu na sio nyumbani. Ndipo hoja ya maji ikarudi, na safari hii bibi mwenye kikombe alikuwepo.

Sikumwambia amekosea. Nilimuuliza anajuaje kwamba mtoto ana kiu. Akasema, midomo mikavu na kulia. Nikamuuliza mtoto hukojoa mara ngapi kwa siku. Hakuwa na uhakika, akataka kujua kwa nini nauliza. Tukaelezana: maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, kama asilimia 88, na mtoto mchanga anayelowesha nguo mara sita au zaidi kwa usiku na mchana amepata maji ya kutosha. Joto likizidi, ananyonyeshwa mara nyingi zaidi, na mama ndiye anayeongezewa maji ya kunywa. Bibi akasema atahesabu mwenyewe. Baada ya siku tatu alimtuma mjukuu kuniambia: mara nane. Kikombe sasa anapewa mama.

Gharama za miezi hii miwili: hakuna, isipokuwa mgongo.

29 Machi 2025. Mabibi wanashika darasa, na kimea kinaota ukungu

Baada ya shambani tuliamua darasa la mabibi liongozwe na mabibi. Walichagua Jumatano alasiri, uani kwa bibi mmoja anayepiga ngoma ya muheme. Wanaanza kwa salamu, mbukwa, mbukwenyi, kisha ngoma, kisha mazungumzo. Mwanzoni niliona ngoma inakula muda, nikaomba ipunguzwe. Wiki hiyo walikuja saba badala ya kumi na tisa. Nikaomba radhi, ngoma ikarudi, nao wakarudi.

Mengi waliyajua tayari. Dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, wawili walisema zamani yalikamuliwa na kumwagwa. Mwingine akasema kwao hayakuwahi kumwagwa, na akasimulia mtoto wake aliyezaliwa mdogo alivyoyanyonya tone kwa tone. Ushuhuda ule ulifanya kazi ambayo karatasi zangu 20 za manila hazikuifanya.

Tatizo lilikuwa uji. Mtoto hapati nguvu kwenye uji mwepesi kama maji. Tumbo linajaa kabla hajashiba. Unatakiwa uji usiodondoka ovyo kwenye kijiko. Lakini uji mzito wa uwele mtoto wa miezi saba anaukataa. Bibi wa muheme akakumbusha kimea, na kila mtu akakumbuka. Ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, ukitiwa kidogo kwenye uji mzito huulainisha bila kuongeza maji.

Tulinunua ulezi kilo 4, 11,000. Mara ya kwanza tuliulowanisha usiku kucha, tukaufunga ndani ya salfeti, tukauacha siku nne. Ulipofunguliwa ulikuwa na ukungu wa kijani. Baada ya yale ya Novemba hapakuwa na mjadala, tukautupa wote. Bibi mmoja alisema mama yake hakuwahi kutumia salfeti. Alitandaza kwenye ungo na kufunika majani.

Mara ya pili tulifuata ushauri wake, kwa ulezi alioutoa yeye mwenyewe. Chagua, osha, lowanisha usiku mmoja, chuja. Tandaza tabaka jembamba kwenye ungo, funika kitambaa safi chenye unyevu, suuza kila asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vimeota. Anika juani juu ya turubai mpaka vikauke kabisa, pukuta vijimizizi, saga. Upike uji mzito, uepue, uache upoe mpaka kidole kinavumilia, kisha tia kijiko kimoja cha kimea na ukoroge. Uji ukiwa wa moto sana kimea hakifanyi kazi. Ukishalainika, rudisha motoni uchemke tena, ndipo umpe mtoto. Tulipouona uji ukilegea ndani ya sufuria, mabibi walipiga vigelegele.

Vikombe 12 vya mililita 250 vya kupimia, 18,000. Anayeanza miezi sita hupewa vijiko viwili hadi vitatu vya chakula kila mlo. Wa miezi tisa hadi kumi na moja, nusu kikombe. Aliyetimiza mwaka, robo tatu hadi kikombe kizima. Jumla 251,000.

17 Mei 2025. Akina baba, na foleni ya zahanati

Kokoto 9 kati ya 264. Tuliwaita akina baba mara mbili, hawakuja. Walisema hiyo ni semina ya wanawake. Mwenzangu akaenda kijiweni wanakocheza bao, bila karatasi, akachimba vishimo vyake sita pembeni ya bao lao. "Jana, saa moja jioni, mtoto wako alikuwa na nani?" Wakaanza kubishana, na mabishano yenyewe yakawa darasa. Mzee mmoja aliweka kokoto zake, akatazama kishimo chake kitupu, akasema baba yake alikuwa akimbeba begani kwenda kunywesha ng'ombe na ndiko alikojifunza majina ya miti. Hakuna aliyecheka. Tulichowaomba ni kidogo: saa moja kwa siku, mtoto awe mkononi mwa baba, na baba aseme anachokiona njiani.

Pia tuliwaomba wasindikize kliniki. Hapo tuliumiza watu. Zahanati moja ilikuwa na utaratibu wa kuwahudumia kwanza wanaokuja wawili, na baba zetu walipoongezeka, mama wasio na wenza wakawa wanasubiri mpaka saa nane mchana. Watatu waliacha kwenda, mmoja akiwa na mtoto anayedaiwa chanjo ya surua. Tulizungumza na muuguzi, akakubali: foleni ni moja, baba anaalikwa kuingia ndani bila kurukishwa mbele. Mama wale watatu tuliwafuata nyumbani, wote wamerudi.

Tumefunga pia vibuyu chirizi 14 vya kunawia mikono karibu na vyoo: dumu za lita tano 21,000, kamba 6,000. Vilivyofungwa na baba mwenyewe bado vina maji. Vitatu tulivyofunga sisi vimekauka. Jumla 278,000.

9 Julai 2025. Mkanda wa rangi

Juni ni mwezi wa afya na lishe ya mtoto: matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja. Tuliungana na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, tukapima mzingo wa mkono, unaoonyesha kama mtoto ana utapiamlo, kwa mkanda wa rangi tuliopewa bure. Kijani ni sentimita 12.5 na kuendelea, njano ni 11.5 hadi chini ya 12.5, nyekundu ni chini ya 11.5.

Tulipima mbele ya watu wote. Mtoto mmoja akasoma njano, 12.1. Mtu nyuma akasema kwa sauti, "Njano hiyo." Mama akafunga kanga yake, akaondoka bila neno. Wiki tatu hakuonekana, wala kwenye kisima, wala kanisani. Nilikwenda mara mbili, mlango haukufunguliwa. Mama huyu alikuwa amekuja tangu tarehe 5 Oktoba, hajakosa isipokuwa msimu wa jembe. Sisi ndio tuliomwaibisha.

Aliyemrudisha ni bibi wa muheme. Alikwenda usiku, akakaa naye, asubuhi wakaenda zahanati pamoja. Mtoto alikuwa na kuhara kwa kurudiarudia. Akapewa maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki, na mama akapewa ushauri wa kulisha.

Hatupimi tena hadharani. Tumewafundisha mabibi 11 na mama 14 kupima wenyewe, nyumbani, mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, bila kukaza mkanda. Akiona njano au nyekundu anamwambia mwenzangu peke yake. Nyekundu ni zahanati siku hiyohiyo.

30 Agosti 2025. Kokoto tena

Nyumba 20, mbili zimehama. Kokoto 240: mama 80, bibi 79, dada na kaka 45, baba 26, jirani 7, peke yake 3. Sizichukui namba hizi kama ushindi. Hesabu ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, watu wanasafisha mashamba; hii ni Agosti, mavuno yameingia na baba wako nyumbani. Mpaka tuhesabu tena Oktoba hatutajua kilichobadilika ni malezi au msimu. Kwenye daftari langu, wale wasichana 18 wamehudhuria kama wenzao, isipokuwa wawili, na kwao nimeshakwenda.

Kilichoshindikana: mama wanaofanya kazi mjini na kuacha watoto wiki nzima hatujawafikia. Vibuyu chirizi vitatu bado vikavu. Kimea kinatengenezwa kwenye nyumba tisa tu; wengine wanasema kazi ni ndefu, na nawaelewa.

Mtoto wa 12.1 amepimwa na bibi yake juzi: 12.7.

Nauli za mjini kuonana na afisa lishe, 20,000. Jumla ya matumizi yote 298,000. Zimebaki 252,000, na kikoba kimeridhia ziende kitongoji cha pili. Tunaanza Jumatano tarehe 3 Septemba, alasiri. Mabibi wameomba kutangulia wao na ngoma, sisi tufuate na kokoto.